Hedifoni na Uchovu wa Sikio

Jicho la binadamu lina kope za kulifunga, sikio halina. Usiku na mchana, mtu awe macho au amelala, sikio huendelea kupokea mitetemo ya hewa na kuipeleka kwenye ubongo. Kwa sababu hiyo watu wengi hulidhania kuwa ni kiungo kisichochoka. Ukweli ni kwamba sikio huchoka, na chanzo kimoja cha uchovu huo kimeenea sana miongoni mwa vijana: kusikiliza muziki kwa muda mrefu kwa hedifoni, ziwe zile kubwa zinazofunika sikio zima au zile ndogo zinazochomekwa ndani ya tundu lake.

Kifaa chenyewe si kigeni. Mnamo mwaka 1910 Nathaniel Baldwin wa Marekani aliliuzia jeshi la majini la nchi yake hedifoni alizozitengeneza kwa mikono. Mwaka 1958 John Koss, Mmarekani mwingine, alitoa hedifoni za kusikilizia muziki nyumbani. Na mwaka 1979, kampuni ya Sony ya Japani ilipoanza kuuza Walkman, muziki ulitoka sebuleni ukafuatana na msikilizaji barabarani. Leo kazi hiyo hufanywa na simu ya mkononi. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba vijana wapatao bilioni 1.1 duniani, wenye umri wa miaka 12 hadi 35, walikuwa katika hatari ya kudhuriwa masikio na vifaa hivyo pamoja na kelele za kumbi za burudani.

Mfano ulio karibu ni safari ya basi kutoka Songea hadi Dar es Salaam. Njia hiyo ina zaidi ya kilomita 900. Basi hupanda hadi Njombe, hufuata nyanda za juu za Makambako na Mafinga, huteremka mlima Kitonga, kisha hupita Mikumi na Morogoro kabla ya kufika pwani. Si ajabu kumwona kijana aliyevaa hedifoni tangu stendi ya Songea hadi mwisho wa safari. Afikapo, husema masikio yake yamejaa na yanavuma, na kwamba sauti za watu zasikika kama zinatoka ndani ya mtungi. Asubuhi ya pili dalili hizo huwa zimetoweka, naye huhitimisha kuwa hakuna kilichoharibika. Je, hitimisho hilo ni sahihi? Ili kulijibu swali hili, hapana budi kulitazama sikio lenyewe.

SAFARI YA SAUTI NDANI YA SIKIO

Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa sentimita 2.5 hivi. Upande wa nje liko wazi. Upande wa ndani limezibwa na kiwambo. Mwanafunzi wa fizikia atatambua mara moja kwamba huu ni mrija uliozibwa mwisho mmoja. Mrija wa namna hii huikuza zaidi sauti ambayo robo ya urefu wa wimbi lake inalingana na urefu wa mrija. Kwa kuwa mwendo wa sauti hewani ni kama mita 340 kwa sekunde, hesabu ni hii:

340 ÷ (4 × 0.025) = 3,400

Yaani tundu la sikio, kwa umbo lake tu, huzikuza sauti zenye mitetemo ya 3,000 na kitu kwa sekunde, au hezi 3,000 na kitu. Jambo hili likumbukwe, kwani lina uhusiano na madhara yatakayoelezwa mbele.

Nyuma ya kiwambo mna mifupa mitatu midogo: nyundo, fuawe na kikuku. Mifupa hii hufanya kazi ya wenzo. Tena, eneo la kiwambo linalotetemeka ni kubwa mara 17 hivi kuliko eneo la dirisha dogo ambalo kikuku hulisukuma. Kwa pamoja, mambo haya mawili huongeza kanieneo ya sauti zaidi ya mara 20. Bila nyongeza hiyo, mitetemo ya hewa isingeweza kukitikisa kiowevu kilichomo katika sikio la ndani.

Sikio la ndani ndiko iliko koklea, mfereji uliojipinda karibu mara mbili na nusu kama kombe la konokono. Ndani yake zimejipanga seli za vinyweleo, ambazo hugeuza mitetemo kuwa ishara za umeme na kuzikabidhi kwa neva ya sikio. Mwanasayansi Georg von Békésy, mzaliwa wa Hungaria, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1961 kwa kueleza jinsi koklea inavyofanya kazi: sauti nyembamba huitikiwa karibu na mlango wake, na sauti nzito huitikiwa kwenye ncha.

Idadi ya seli hizo yashangaza kwa uchache wake. Jicho moja lina seli za kupokea mwanga zaidi ya milioni 100. Sikio moja lina seli za vinyweleo zipatazo 15,000 tu. Kila kitu akisikiacho mtu, tangu adhana na kengele ya shule hadi sauti ya mama yake, hupita katika akiba hiyo ndogo aliyozaliwa nayo.

SIKIO HUCHOKAJE?

Uchovu wa sikio hutokea katika sehemu zaidi ya moja. Sehemu ya kwanza ni misuli. Msuli mmoja mdogo sana umeshikamana na kikuku. Sauti ikifikia kiasi cha desibeli 80 na kuendelea, msuli huo hujikaza na kuizuia mifupa isitetemeke mno. Hii ni kinga nzuri, lakini ina kasoro tatu: huchelewa kidogo kuanza, huzuia zaidi sauti nzito kuliko nyembamba, na sauti kali ikiendelea, msuli hulegea, kama mkono wa mtu aliyeshika ndoo ya maji kwa muda mrefu.

Sehemu ya pili, iliyo muhimu zaidi, ni seli za vinyweleo zenyewe. Kila wimbi la sauti huviinamisha vinyweleo na kuviinua tena, mamia au maelfu ya mara kwa sekunde. Kazi hii hutumia nishati. Sauti ikiwa kali na ikikosa kituo, seli hushindwa kurudia hali yake kwa wakati, nayo sauti hafifu iliyosikika asubuhi haisikiki tena jioni. Ndipo mtu hujisikia masikio yamejaa pamba. Mara nyingi huambatana na mlio mwembamba usio na chanzo nje ya kichwa.

Mfano wa hali hii ni nyasi za uwanja wa mpira. Zikikanyagwa katika mchezo mmoja, huinuka baada ya siku chache. Zikikanyagwa kila siku bila nafasi ya kupumzika, hufa. Na sehemu inayokufa kwanza ni ile ya mbele ya goli, kwa kuwa ndiyo yenye msukosuko mwingi. Katika koklea, mahali hapo pa mbele ya goli ni eneo linaloitikia hezi 3,000 hadi 6,000, hasa hezi 4,000 hivi. Sababu mojawapo ni ile iliyokwisha kuonyeshwa: tundu la sikio huzikuza zaidi sauti zinazokaribiana na eneo hilo.

DESIBELI NA MUDA

Ukali wa sauti hupimwa kwa desibeli, na kipimo hiki huwadanganya wasiokizoea. Desibeli 3 zikiongezwa, nishati ya sauti huwa maradufu. Zikiongezwa 10, huwa mara kumi. Kwa hiyo tofauti kati ya desibeli 85 na 100 si ndogo kama tarakimu zinavyoonekana: nishati imezidishwa mara 32 hivi.

Sikio hujali mambo mawili kwa pamoja, yaani ukali na muda. Taasisi ya utafiti wa usalama na afya kazini ya Marekani, NIOSH, hupendekeza mipaka hii kwa siku moja:

Desibeli 85: saa 8
Desibeli 88: saa 4
Desibeli 91: saa 2
Desibeli 94: saa 1
Desibeli 97: dakika 30
Desibeli 100: dakika 15

Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda hukatwa nusu. Shirika la Afya Duniani, katika kanuni lizotoa pamoja na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano mwaka 2018, liliweka tahadhari zaidi kwa wasikilizaji wa muziki: desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kwa watoto desibeli 75 kwa muda huo huo.

Sasa mwanafunzi na airudie safari ya Songea. Achukulie kwamba injini, upepo na spika za basi zinafanya kelele kiasi kwamba abiria hawezi kuyafuata maneno ya wimbo mpaka apandishe simu yake hadi desibeli 94. Akisikiliza kwa saa 6 tu kati ya saa zote za safari, amepokea kipimo cha siku 6 kwa siku moja. Angaliweza kusikiliza kwa desibeli 85, saa hizo 6 zingalikuwa robo tatu tu ya kipimo cha siku moja. Hapa ndipo palipo kiini cha jambo. Mara nyingi kinachomponza msikilizaji ni kelele inayomzunguka: mkono hupandisha sauti ili kuishinda kelele hiyo, na sikio hulipa gharama ya zote mbili.

Yafaa pia kukumbuka kwamba sikio halitofautishi kelele ya kazi na ya starehe. Katika mkoa wa Ruvuma, wenye kilimo kikubwa cha mahindi, mashine za kusaga ziko kila mtaa. Kijana anayesaidia kazi mashineni mchana kisha akavaa hedifoni usiku, anajumlisha vipimo viwili katika daftari moja.

HEDIFONI NA NGOMA

Huenda mtu akauliza: mbona wazee wetu walicheza ngoma tangu zamani, na ngoma ya lizombe ya Wangoni si ya kunong'ona? Jibu lina sehemu tatu.

Kwanza ni umbali. Uwanjani sauti hutawanyika. Kila umbali unapoongezwa maradufu, ukali hupungua kwa desibeli 6 hivi. Mtazamaji akiona zimezidi, hurudi nyuma hatua chache. Hedifoni ya kuchomeka iko karibu na kiwambo, nayo hutikisa kiasi kidogo mno cha hewa kilichofungiwa katika tundu. Hivyo nguvu ndogo ya betri yatosha kuleta sauti kali sana, na hakuna pa kurudi nyuma. Pili ni muda. Ngoma hupigwa kwa msimu na kwa shughuli. Hedifoni huvaliwa kila siku. Tena nyimbo nyingi za kisasa hurekodiwa kwa kuzipandisha sehemu za chini zikaribie sehemu za juu, na sikio hukosa vituo vya kupumzika. Tatu ni ushahidi wa jirani. Redio ikizidi, watu wa nyumba hulalamika. Hedifoni ikizidi, hakuna ajuaye isipokuwa mvaaji, naye tayari amekwisha kuizoea.

Hata hivyo ngoma nazo zisihesabiwe kuwa salama kabisa. Mpigaji aliye karibu nazo kwa saa nyingi yu katika hatari ile ile.

MAUMIVU YASIYOTOKANA NA UKALI WA SAUTI

Si kila usumbufu wa hedifoni watokana na sauti. Hedifoni kubwa hulibana sikio na kulitia joto. Ile ya kuchomeka, isipolingana na tundu, husugua ngozi. Husukuma nta ndani badala ya kuiacha itoke yenyewe. Na hufungia jasho, hali inayovipa vijidudu nafasi ya kuzaliana. Wanafunzi wanaoazimana hedifoni huazimana pia uchafu huo.

Kuna pia maelezo ya kanieneo. Mwaka 2011 wahandisi kadhaa wa Marekani walitoa hoja kwamba hedifoni inayoziba tundu kabisa husukuma na kuvuta hewa iliyofungiwa kama pampu, na hivyo kuufanya ule msuli wa kikuku ujikaze hata pale muziki usipokuwa mkali. Hoja hiyo yaendelea kujadiliwa, lakini yalingana na hisia ya kujaa ambayo watumiaji wengi huieleza.

Kwa msafiri wa Songea kuna sababu nyingine tena, ambayo hedifoni husingiziwa bure. Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na njia ya Njombe hukaribia mita 2,000. Kwenye kimo hicho kanieneo ya hewa ni kama asilimia 80 ya ile ya pwani. Basi linapoteremka Kitonga, hewa ya nje hukandamiza kiwambo kuelekea ndani mpaka mrija unaounganisha sikio la kati na koo ufunguke na kusawazisha pande zote mbili. Kumeza mate au kupiga mwayo huufungua mrija huo. Atakayepata maumivu mteremkoni avue hedifoni, ameze mate mara kadhaa, na asipandishe sauti kwa kudhani kwamba simu yake imepungua nguvu.

JE, KUPUMZIKA KWATOSHA?

Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba usikivu ukirudi kamili baada ya saa 16 hadi 24, sikio limepona. Mwaka 2009 Sharon Kujawa na Charles Liberman, watafiti wa Boston, Marekani, walionyesha jambo la kutia wasiwasi. Waliwaweka panya katika kelele ya desibeli 100 kwa saa 2. Baada ya siku chache vipimo vya kawaida vilionyesha kwamba usikivu umerudi, na seli za vinyweleo zilikuwa zimesalimika. Lakini walipochunguza kwa darubini, waliona kwamba sehemu kubwa ya viungo vinavyoziunganisha seli hizo na neva vilikuwa vimekatika, wala havikurudi. Panya si binadamu, na kiasi cha madhara ya namna hii kwa watu chaendelea kupimwa. Hata hivyo somo lake ni wazi: kurudi kwa usikivu si hati ya kuthibitisha kwamba hakuna kilichopotea.

Seli za vinyweleo zenyewe zikifa kwa binadamu, hazioti tena. Kuku amebahatika zaidi. Katika miaka ya 1980 iligunduliwa kwamba ndege huweza kuotesha seli mpya mahali pa zilizokufa. Binadamu na wanyama wengine wanyonyeshao hawana uwezo huo. Vifaa vya kukuza sauti husaidia, na tangu mwaka 2017 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili imefanya upasuaji wa kupandikiza vifaa vya kusikia ndani ya koklea. Lakini hakuna kifaa kinacholirudisha sikio la asili.

ATHARI DARASANI

Hasara ya aina hii huanza bila ya mwenyewe kujua. Irabu za Kiswahili zina nguvu na huwa na sauti nzito kiasi. Hizo huendelea kusikika. Konsonanti kama s, sh, f na th hutegemea sana sauti nyembamba, katika eneo lile lile linalodhurika kwanza. Mwalimu akisema "thamani", mwanafunzi asiye na eneo hilo aweza kusikia "samani". Na "shika" ikawa "fika". Husikia kwamba mtu anasema, ila hajui anasema nini.

Katika darasa lenye wanafunzi wengi, madirisha wazi na mvua ikipiga mabati, ugumu huo huzidi. Mwanafunzi hukosea imla, huchelewa kujibu, huomba kurudiwa. Ni rahisi kumhukumu kuwa ni mvivu au mzito wa akili, na yeye mwenyewe huanza kuamini hivyo. Huenda asigundue maisha yake yote kwamba kilichopungua ni vinyweleo vya sikio wala si akili.

YAFAAYO KUTENDWA

Hakuna haja ya kuzitupa hedifoni. Zatosha hatua chache:

1. Sauti isipite asilimia 60 ya uwezo wa simu, na kila baada ya saa moja masikio yapumzishwe angalau dakika 10. Kiasi cha sauti kichaguliwe mahali penye utulivu, kisha kisipandishwe barabarani.

2. Ndani ya basi, hedifoni inayoziba kelele yafaa kuliko inayoiruhusu. Ikipunguza kelele ya nje kwa desibeli 15, muziki nao waweza kuteremshwa kutoka 94 hadi 79 bila kupoteza uwazi. Nishati inayofika sikioni hupungua mara 32 hivi. Lakini kwa mwenda kwa miguu au mwendesha bodaboda, kuziba masikio ni kujitia hatarini.

3. Mtu aliye umbali wa mkono mmoja akilazimika kupaza sauti ili aeleweke, au akiusikia muziki ulio masikioni mwa mwenzake, sauti imezidi.

4. Hedifoni zisafishwe, zisiazimwe, na zisivaliwe wakati wa kulala. Tundu la sikio lisichokolewe kwa njiti.

5. Mlio au hali ya kujaa ikidumu zaidi ya siku moja, au pakitoka usaha, mgonjwa aende hospitali mapema. Usikivu ukipotea ghafula, aende siku hiyo hiyo.

Walimu wa fizikia na baiolojia wanaweza kulifanya jambo hili kuwa somo la vitendo. Kila mwanafunzi asubuhi na aiteremshe redio ya nyumbani mpaka maneno ya mtangazaji yasikike kwa shida tu, kisha aiwekee alama hapo. Jioni, baada ya shughuli zake za kila siku, airudishe kwenye alama ile ile, akiwa amekaa mahali pale pale na nyumba ikiwa na utulivu kama wa asubuhi. Ikiwa maneno hayasikiki tena, sikio limechoka. Matokeo ya wiki moja yakiandikwa kwenye jedwali, pamoja na saa za hedifoni, za safari na za mashineni, wanafunzi wataona wenyewe ni shughuli zipi zinazowachosha masikio, na mwalimu atapata dokezo la nani katika darasa lake anastahili kuketi mstari wa mbele na kupelekwa kupimwa.